Rangi ya Mzingefuri: Mwenye Uvumbuzi ni Nani?

Leo hatutazungumza juu ya mbolea wala juu ya viwavi. Leo tutazungumza juu ya karatasi. Ndiyo, karatasi! Lakini ni karatasi inayoweza kuingia katika bei ya gunia lako, kwa hiyo nakuomba ufuatane nami mpaka mwisho.

Tuseme wewe na wenzako katika kikundi mmepanda mizingefuri. Wenzetu wa Kwale na Lamu wengi huuita biksa, lakini mti ni ule ule: una maganda yenye vinywele, na ndani yake mna mbegu zenye unga mwekundu unaoshika vidole. Mmevuna, mmekausha, mmepepeta. Anakuja mnunuzi. Anachota mbegu kiganjani, anatikisa kichwa, kisha anasema: "Wazee wangu, matumizi ya rangi hii yamekwisha kuandikishwa huko Ulaya. Ina mwenyewe. Mkiniuzia mimi, ni sawa. Mkimwuzia mwingine, mtashitakiwa. Na bei ni hii ninayoitaja mimi."

Utamjibu nini? Wengi wetu tungenyamaza. Tukisikia neno "kuandikishwa" na neno "Ulaya" katika sentensi moja, tunaona kesi imekwisha. Lakini haijaisha. Hebu tulifungue jambo hili polepole, kama mtu anayemenya muhogo.

Kwanza, rangi yenyewe inakwenda wapi? Mbegu ya mzingefuri ina rangi iitwayo biksini, ambayo huyeyuka katika mafuta. Biksini hiyo ikipikwa katika maji yenye magadi makali hugeuka kuwa norbiksini, nayo huyeyuka katika maji. Norbiksini ina tabia moja kubwa: inapenda kushikamana na protini. Ndiyo maana kwa miaka mingi sana watengenezaji wa jibini wameitumia kuipa jibini yao rangi ya manjano iliyoiva. Na rangi hizi za mzingefuri hutumika pia katika siagi, katika samaki wa kukaushwa kwa moshi, na katika soseji.

Katika soseji, rangi huweza kutiwa kwenye ganda la nje. Soseji ni nyama iliyosagwa na kujazwa ndani ya ganda. Zamani ganda lilikuwa utumbo wa kondoo, wa nguruwe au wa ng'ombe uliosafishwa. Siku hizi viwanda vingi hutumia ganda linaloliwa ambalo limetengenezwa kwa protini ya ngozi ya ng'ombe, iitwayo kolajeni. Ganda hilo lenyewe limepauka. Mteja hapendi soseji iliyopauka. Anataka nyekundu au ya kahawia, kama iliyopita kwenye moshi. Kwa hiyo kiwanda hutafuta rangi. Na kwa kuwa watu wengi sasa wanapendelea rangi za mimea kuliko rangi za maabara, mzingefuri wako unapata soko.

Hapo ndipo karatasi inapoingia. Karatasi hiyo huitwa hataza. Hataza ni haki ambayo serikali humpa mtu aliyevumbua kitu au njia mpya ya kutengeneza kitu. Kwa muda maalumu, ambao kwa kawaida ni miaka 20 tangu siku ya kupeleka maombi, mtu mwingine haruhusiwi kutengeneza, kutumia wala kuuza uvumbuzi ule bila ruhusa yake. Naye, kwa upande wake, analazimika kuueleza uvumbuzi wake wazi katika maandishi, ili muda ukiisha kila mtu autumie. Ni mapatano: wewe tufundishe, nasi tutakulinda kwa muda.

Lakini serikali haigawi hataza kama peremende. Mwombaji huulizwa maswali matatu. Swali la kwanza: Je, jambo hili ni jipya? Swali la pili: Je, linafaa kwa kazi? Swali la tatu, na hili ndilo lenye magomvi mengi: Je, si jambo lililo dhahiri? Maana yake ni hii: fundi wa kawaida wa kazi hiyo, anayejua yote yaliyokwisha julikana kabla ya siku ile, je, asingelifikia mwenyewe bila kuumiza kichwa? Kama angelifikia, basi huo si uvumbuzi. Ni kazi ya kila siku ya fundi.

Swali hili la tatu lina kisa chake kinachomhusu mkulima. Huko Marekani, mtu mmoja jina lake William Graham alikuwa na hataza ya kifaa cha plau. Plau ile ilikuwa ya kulima ardhi yenye mawe. Mguu wa plau ukigonga jiwe hutetemeka na huweza kukatika. Graham alitengeneza kifungo cha kuuwezesha mguu kunesa na kurudi mahali pake. Baadaye akapata hataza nyingine mwaka 1953, na badiliko kubwa ndani yake lilikuwa hili: mguu uliokuwa umekaa juu ya bamba la bawaba, sasa uliwekwa chini yake. Kampuni ya John Deere ikabishana naye. Mahakama moja ya rufani ilikuwa imekwisha kusema hataza ni halali. Nyingine ikasema si halali. Shauri likafika Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani.

Tarehe 21 Februari 1966, mahakama hiyo ikaamua. Ilisema kwamba kuugeuza mguu kutoka juu kwenda chini ni jambo ambalo fundi wa plau angeliona mara moja. Hataza ikaanguka. Siku hiyo hiyo iliangusha pia hataza ya kifuniko cha chupa ya kupulizia dawa ya wadudu, kwa sababu ya namna hiyo hiyo.

Usidhani, ndugu mkulima, kwamba mahakama ile ilichukia wavumbuzi. Siku ile ile ilikubali hataza ya bwana mmoja aitwaye Adams. Huyu alitengeneza betri ya magnesi na kloridi ya shaba, ambayo unaitia maji tu nayo inaanza kutoa umeme. Alipoionyesha kwa wataalamu wa serikali, hawakuamini kuwa itafanya kazi. Baadaye serikali yenyewe ikaitumia. Mahakama ikasema: kama wataalamu wenyewe walikataa kuamini, mnawezaje leo kudai kwamba jambo hilo lilikuwa dhahiri?

Umeona tofauti? Vitu vyote vitatu vilikuwa na mabadiliko. Lakini badiliko peke yake halitoshi. Linalopimwa ni urefu wa hatua kutoka kwenye yale yaliyojulikana mpaka kwenye jambo jipya.

Haya, sasa turudi kwenye soseji, tujipime kwa mifano miwili. Mifano hii nimeitunga ili tuelewane.

Mfano wa kwanza. Mtu anaomba hataza, anasema: "Nimevumbua kutia ganda la soseji rangi ya mzingefuri iliyoyeyushwa katika maji." Tutamwuliza: Je, haikujulikana kuwa norbiksini hushika protini? Ilijulikana, jibini ni shahidi. Je, haikujulikana kuwa ganda la kolajeni ni protini? Ilijulikana. Je, haikujulikana kuwa soseji hutiwa rangi? Ilijulikana. Basi fundi wa soseji akiyaweka hayo matatu pamoja atasema, "Hebu nijaribu mzingefuri." Huo ni mguu wa plau uliohamishwa kutoka juu kwenda chini.

Mfano wa pili. Mtu mwingine anasema: "Nimeona tatizo. Kolajeni mara nyingi hutayarishwa kwa asidi. Na norbiksini ikikutana na asidi hujitenga na maji, ikatulia chini kama mashapo. Halafu ganda likichemshwa, rangi huvuja. Mimi nimepata njia ya kuizuia isitulie wala isivuje." Kama njia hiyo haikuwa katika vitabu, na mafundi wengine walijaribu wakashindwa, au walidhani haiwezekani, huyu anaweza kustahili hataza yake. Ametokwa jasho, na jasho lake lina faida kwa wote.

Lakini angalia jambo hili kwa makini sana. Hata huyu wa pili hakupewa mzingefuri. Hakupewa rangi nyekundu. Amepewa ile njia yake moja ya kuifanya rangi isivuje. Hataza ya namna ya kutia rangi ganda la soseji inamgusa yule anayetengeneza ganda kwa njia hiyo. Haimpi mtu umiliki wa mti ulioko shambani kwako, wala wa mbegu zilizo katika gunia lako.

Pengine utauliza: "Mbona basi tunasikia watu wa mbali wamejichukulia dawa na mimea yetu?" Ni kweli, imetokea, na ni vizuri uyajue mambo hayo jinsi yalivyokwenda.

Chukua manjano, kiungo unachokijua jikoni. Mwaka 1995 chuo kikuu kimoja cha Marekani kilipewa hataza ya kutumia unga wa manjano kuponya vidonda. Watu wa India wakashangaa. Jambo hilo bibi zao walikuwa wakilifanya tangu zamani za kale! Baraza la Utafiti wa Sayansi na Viwanda la India likapinga. Lakini halikwenda kule na maneno matupu. Lilikwenda na maandishi 32, mengine ya zamani sana, na mojawapo likiwa makala iliyochapishwa mwaka 1953 katika jarida la madaktari wa India. Mwaka 1997 madai yale yakakataliwa na hataza ikafutwa.

Kwa nini walihitaji maandishi? Kwa sababu sheria ya Marekani ya wakati ule ilisema hivi: jambo linalojulikana au kutumika nje ya Marekani halihesabiwi kama halikuandikwa katika kitabu au jarida, au katika hataza. Fikiria, ndugu mkulima! Bibi anaweza kuponya kijiji kizima kwa manjano kwa miaka 60, lakini kwa kuwa hakuna aliyeandika, mbele ya ofisi ile ilikuwa kama hakufanya kitu. Sheria hiyo ilibadilishwa, na kwa maombi yaliyopelekwa tangu tarehe 16 Machi 2013, matumizi ya wazi popote duniani huhesabiwa. Hata hivyo, kuhesabiwa ni jambo moja, na kuthibitisha ni jambo jingine.

Chukua pia mwarobaini. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya ilitoa hataza ya kutumia mafuta ya mwarobaini kuua kuvu wa mimea. Waliopewa ni Wizara ya Kilimo ya Marekani na kampuni ya W. R. Grace. Mwaka 1995 hataza hiyo ikapingwa. Sheria ya Ulaya yenyewe hukubali ushahidi wa matumizi, hata ya mbali. Basi akaletwa meneja wa kiwanda kutoka India, akaeleza jinsi alivyokuwa akitengeneza mafuta ya mwarobaini kwa kazi hiyo miaka kadhaa kabla ya maombi yale. Mwaka 2000 hataza ikafutwa. Wenyewe wakakata rufani. Mwaka 2005 rufani ikatupwa. Tangu kutolewa mpaka mwisho ilikuwa miaka 11.

Yapo mafunzo mawili hapa. La kwanza ni kwamba karatasi ya serikali inaweza kuwa na kosa, na kosa hilo linaweza kuondolewa. Mkaguzi wa hataza ni binadamu aliyeketi mezani. Hajui yanayofanyika Pemba wala Muheza kama hakuna aliyemwambia. La pili ni kwamba anayeshinda ni yule mwenye ushahidi wenye tarehe. Wahenga wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tuongeze kwamba hata ujuzi ni mali.

Sasa basi, wewe na kikundi chako mfanye nini? Nitataja mambo matano.

Jambo la kwanza, mnunuzi akikwambia rangi ina mwenyewe, usigombane naye wala usiogope. Mwulize kwa upole maswali manne. Hataza hiyo ni namba gani? Ilitolewa katika nchi gani? Je, bado iko hai na ada zake zimelipwa? Na je, inadai nini hasa? Hataza yo yote ya kweli ina namba, na maandishi yake yako wazi kwa watu wote. Asiye na namba huenda hana hataza.

Jambo la pili, kumbuka kwamba hataza ina mipaka kama ya nchi. Iliyotolewa Marekani inatawala Marekani. Haivuki bahari yenyewe ikaja kukaa Kwale au Zanzibar. Ili iwe na nguvu hapa, ni lazima iwe imetolewa kwa ajili ya hapa: Kenya, kupitia Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya, Tanzania Bara, kupitia Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, Zanzibar ina ofisi yake. Ipo pia ofisi ya pamoja ya nchi za Afrika, iitwayo ARIPO, huko Harare, inayoweza kutoa hataza kwa nchi wanachama. Lakini uwe mwangalifu: kama bidhaa iliyokwisha tengenezwa itauzwa katika nchi yenye hataza hiyo, mwuzaji wake lazima aitazame sheria ya huko.

Jambo la tatu, wekeni daftari la kikundi. Andikeni mnavyotumia mzingefuri: nani hupaka mikeka na ukili, nani hutia katika pilau au katika samaki, kwa kipimo gani, tangu lini. Andikeni tarehe. Wazee watie sahihi au dole gumba. Nakala moja mpeni Bwana Shamba au Bibi Shamba wenu, nyingine ipelekeni maktaba au chuo cha utafiti kilicho karibu. Daftari lililofungiwa sandukuni halimsaidii mkaguzi. Ni lazima watu waweze kulisoma.

Jambo la nne linapingana kidogo na la tatu, kwa hiyo lisikilize vizuri. Kama wewe mwenyewe umegundua njia mpya kabisa, ambayo si ya mababu wala ya jirani, kwa mfano njia ya kukamua rangi isiyopauka upesi, basi usiitangaze kwanza. Ukiitangaza mkutanoni kabla ya kupeleka maombi, unaweza kuipoteza haki yako, maana kitu kilichotangazwa si kipya tena. Nenda kwanza ofisi ya usajili ukaulize. Kwa ufupi: ujuzi wa wote, uandikeni na kuutangaza ili asije mtu akaudai peke yake, uvumbuzi wako mwenyewe, unyamazie mpaka uufikishe ofisini.

Jambo la tano ni la shambani, maana hoja nzuri haiuzi mbegu mbovu. Rangi ya mzingefuri huharibiwa na mwanga. Vuna maganda yakiwa yamekuwa ya kahawia na kuanza kupasuka. Yakisha kauka, usiziache mbegu kwenye jua kali siku nyingi. Usizipige kwa nguvu hata unga mwekundu ukatoka, kwa sababu unga huo ndio rangi, na rangi ndiyo anayoinunua mwenye kiwanda. Tia katika magunia safi, weka mahali pakavu penye giza. Na kabla ya kutia sahihi mkataba wo wote, usomeni kikundi kizima, hasa pale palipoandikwa kwamba mtamwuzia mtu mmoja tu. Msiposoma hapo, mtafungwa na sahihi yenu wenyewe bila hataza yo yote.

Ndugu mkulima, tumrudie yule mnunuzi wetu. Bado ameshika mbegu kiganjani, vidole vimekuwa vyekundu. Amekwambia rangi ina mwenyewe. Sasa unaweza kumjibu: "Bwana, kama kuna mtu amevumbua njia mpya ya kuishikisha rangi hii kwenye ganda la soseji, tunamheshimu, na njia yake ni yake. Lakini kwamba mzingefuri hutoa rangi ya chakula, hilo halina mvumbuzi aliye hai. Tupe namba ya hataza tukaisome. Na sasa tuzungumze bei."

Halafu mtazame usoni. Kama ana karatasi, ataileta. Kama hana, atatoa mzani.